Uzazi wa Mpango: Maudhi Yapi Unaweza Kuishi Nayo?

Nesi, naomba unichagulie njia ambayo haina madhara kabisa.

Ingekuwepo tungempa kila mtu hiyohiyo na foleni ingekwisha saa tatu asubuhi. Kila njia ina lake. Kondomu haina homoni, lakini inahitaji mwenzako akubali kila mara, usiku na mchana, akiwa na hasira au na haraka. Kwa jinsi watu wanavyoitumia kweli majumbani, wanawake 13 hivi kati ya 100 hushika mimba ndani ya mwaka mmoja. Kwa vidonge ni kama 7, kwa sindano ya miezi mitatu kama 4, na kwa vijiti (vya chini ya ngozi ya mkono) au kitanzi (cha ndani ya mfuko wa uzazi) hawafiki hata mmoja. Vidonge si dhaifu: anayemeza bila kukosa hata siku moja hatari yake ni chini ya mmoja kati ya 100. Kinachoongeza idadi ni safari ya msibani na pakiti imebaki nyumbani, duka la dawa limefungwa, au umelala mapema na mtoto mwenye homa.

Ndiyo maana mteja akikaa mbele yangu namgeuzia swali: mabadiliko gani mwilini unaweza kuishi nayo, na yapi yatakutoa roho? Kuna mwanamke ambaye hedhi ikichelewa siku mbili tu halali. Huyo sindano, ambayo kwa wengi hukatisha hedhi, itamtesa. Kuna mwingine ambaye matone ya damu yasiyotabirika yanamvurugia swala na funga. Kwake hayo si maudhi madogo hata kama sisi tunayaita hivyo, na ni haki yake kuyasema kabla hajakunja mkono wa gauni. Kuna anayejua fika kwamba kidonge cha kila siku atakisahau. Taja pia shinikizo la damu, kipandauso, uvutaji sigara na dawa zozote unazotumia. Vidonge vyenye homoni mbili havimfai mwenye presha ya juu, mwenye kipandauso kinachotanguliwa na kuona vimulimuli, wala mvutaji aliyefikisha miaka 35.

Shoga yangu alichoma sindano akanenepa sana. Na mimi nitanenepa?

Inawezekana, lakini usipimwe kwa mwili wa shoga yako. Kwa wastani watumiaji huongezeka kilo 1 hadi 2 kwa mwaka. Wapo wanaoongezeka zaidi, wapo wasiobadilika, na wapo wanaopungua. Wengi huniambia hamu ya kula ilipanda, hasa usiku. Omba upimwe uzito siku ya kwanza na uandikwe kwenye kadi yako, kisha linganisha kila unaporudi. Bila namba ya mwanzo tunabaki kubishana kwa kuangalia gauni. Ukiona unapanda kila baada ya miezi mitatu na hutaki, badilisha njia. Kitanzi cha shaba hakina homoni hata chembe, kwa hiyo uzito hakiugusi.

Nimewekewa kijiti, mwezi wa pili huu damu inakuja na kukatika, inakuja na kukatika. Jirani ananiambia kizazi kinaoza.

Kizazi hakiozi. Kijiti kinatoa homoni moja kidogokidogo, na homoni hiyo inaufanya ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi uwe mwembamba. Miezi ya mwanzo ukuta huo mwembamba hautulii: unamomonyoka vipandevipande badala ya kutoka wote mara moja kama ulivyozoea. Ndiyo hayo matone, leo kahawia, kesho mekundu, keshokutwa hamna. Kwa wengi hupungua kadiri mwaka unavyosonga, na baadhi huishia kutopata hedhi kabisa. Wachache huendelea hivyo hadi mwisho, na siwezi kukuahidi kwamba hutakuwa miongoni mwao.

Usikae nayo kimya lakini. Rudi kituoni. Tutapima mimba, tutauliza kama kuna maumivu au uchafu wenye harufu, maana maambukizi nayo huleta damu. Tukiona kila kitu kiko sawa, kuna dawa ya kutuliza. Mojawapo ni ibuprofen miligramu 800 mara tatu kwa siku, baada ya kula, kwa siku 5, ianze siku ambazo damu inatoka. Dozi hiyo ni kubwa, kwa hiyo usijinunulie: mwenye vidonda vya tumbo au matatizo ya figo haimfai. Kama huna kizuizi, tunaweza pia kukupa vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili kwa siku 21 ili kuutuliza ukuta huo huku kijiti kikibaki mahali pake.

Nyingi mno ni ipi? Tunahesabu hivi: imezidi mara mbili ya hedhi yako ya kawaida, au imepita siku 8 mfululizo. Hapo njoo upimwe wingi wa damu. Kizunguzungu ukisimama, moyo kwenda mbio kwa kupanda ngazi chache, na viganja kupauka ni ishara kwamba unapungukiwa. Dagaa, maini, maharage na matembele vinasaidia kuirudisha, na vidonge vya madini ya chuma kituoni vipo.

Mimi ni kinyume chake. Natumia sindano, mwaka sasa sijaona siku zangu. Damu hiyo inakusanyikia wapi?

Haikusanyiki popote, kwa sababu haikutengenezwa. Kila mwezi bila sindano, mwili huujenga ule ukuta wa ndani uwe mnene, ukisubiri mimba. Mimba isipokuja, ukuta unabomoka, na hiyo ndiyo hedhi. Sindano inazuia yai lisipevuke na ukuta usijengwe. Kisichojengwa hakina cha kubomoka. Karibu nusu ya wanaotumia sindano ya miezi mitatu huwa hawaoni siku zao wakifikisha mwaka, kwa hiyo uko pamoja na wengi. Hakuna uchafu unaobaki tumboni, na zile chupa za "kusafisha kizazi" zinazouzwa stendi hazina cha kusafisha.

Kama ulichelewa sindano zaidi ya mwezi mmoja, au matiti yanauma na asubuhi unatapika, pima mkojo kwanza. Kuchelewa kwa wiki zisizozidi 4 hakukunyimi sindano yako. Njoo tu, utachomwa. Usisubiri hadi "upate hedhi kwanza", maana unaweza kuisubiri hadi ukaipata mimba. Hayo ya kusubiri hedhi bado yanasemwa hata na baadhi yetu wenye sare nyeupe, na yanasababisha mimba nyingi zisizopangwa.

Je, nitapata ugumba?

Hapana, lakini sindano ina tabia yake ambayo mtu anapaswa kuambiwa mapema. Baada ya dozi ya mwisho, uwezo wa kushika mimba unachukua muda kurudi, kwa wastani kama miezi 10 tangu siku ya kuchomwa, na kwa wengine zaidi ya mwaka. Ukijua unataka mtoto mwakani, hii si njia yako. Chukua vidonge, kijiti au kitanzi, ambavyo ukiviacha uzazi hurudi upesi. Wengi wanaosema "sindano imenifunga kizazi" hawakuelezwa hesabu hii, wakakaa miezi 6 na mama mkwe anauliza kila Jumapili.

Vidonge vinanitia kichefuchefu na kichwa kinauma.

Vimeze usiku baada ya chakula, usingizi uchukue kichefuchefu chako. Kwa wengi hali hiyo hupungua ndani ya miezi 2 au 3. Ukitapika ndani ya saa 2 baada ya kumeza, meza kingine. Kichwa cha kawaida meza panadol. Kichwa kinachokuja na kuona vimulimuli, ganzi upande mmoja au ulimi mzito, acha vidonge na uende hospitali siku hiyohiyo.

Kwa vidonge vya homoni mbili, ukisahau kimoja au viwili vyenye homoni, meza mara ukikumbuka, hata ikibidi viwili kwa siku moja, na uendelee. Ukisahau vitatu au zaidi, meza kimoja, endelea na pakiti, na utumie kondomu siku 7. Vile 7 vya mwisho kwenye pakiti nyingi ni vya madini ya chuma tu, kwa hiyo kuvisahau hakuleti mimba. Hatari kubwa ni kuchelewa kuanza pakiti mpya.

Kitanzi hakiwezi kupanda hadi kifuani? Na mume wangu anasema kinamchoma.

Mfuko wa uzazi haujaungana na kifua. Kitanzi hukaa humo, na mara chache sana hutoboa ukuta, kwa kawaida wakati wa kuwekwa. Ndiyo maana kiwekwe na aliyefundishwa. Kinachotokea mara nyingi zaidi ni kutoka chenyewe, hasa miezi ya mwanzo. Anachogusa mumeo ni nyuzi. Hulainika zikikaa, na zikiendelea kumsumbua rudi zikatwe fupi zaidi. Shida halisi ya kitanzi cha shaba ni hedhi nzito na tumbo kuuma zaidi, hasa miezi 3 hadi 6 ya kwanza. Kama hedhi yako tangu zamani inakulaza kitandani, fikiri mara mbili. Asiye na shida hiyo anapata njia ya hadi miaka 12 kwa safari moja ya kituoni.

Nanyonyesha mtoto wa miezi miwili.

Kunyonyesha kwenyewe ni kinga nzuri iwapo masharti matatu yapo pamoja: mtoto hajafikisha miezi 6, hedhi haijarudi, na ananyonya maziwa ya mama tu, usiku na mchana. Sharti moja likivunjika, mfano umeanza uji, kinga imekwisha. Kijiti, sindano, kitanzi na vidonge vya homoni moja vyote vinakufaa sasa. Vidonge vya homoni mbili subiri mtoto afikishe miezi 6.

Natumia P2, kile kidonge cha dharura, kila mara tukikutana na mpenzi wangu. Kuna shida?

P2 haitakuharibu kizazi wala haitoi mimba iliyokwisha kushika, maana kazi yake ni kuchelewesha yai lisitoke. Shida ni kwamba kama njia ya kila mara ni dhaifu kuliko vidonge vya kawaida, inavuruga hedhi hadi hujui ulipo kwenye mwezi, na mfukoni inakukamua. Ina nguvu zaidi ukiimeza mapema; siku 5 ndiyo ukomo, na kila saa inayopita inapunguza. Njia nyingine zinatolewa bure kwenye vituo vya serikali. Na hakuna kidonge, kijiti wala sindano ya uzazi wa mpango inayozuia VVU au kaswende. Kwa hilo ni kondomu.

Nipo kwenye dawa. Je, zinapigana na njia yangu?

Baadhi, ndiyo. Rifampicin ya kifua kikuu, na carbamazepine na phenytoin za kifafa, hupunguza nguvu ya vidonge na vijiti. Sindano ya miezi mitatu na kitanzi haviathiriki. Kwa ARV, efavirenz ndiyo ilikuwa ikipunguza nguvu ya vijiti. Dolutegravir, ambayo wengi sasa wanatumia, haina tatizo hilo. Tafadhali taja dawa zako hata kama hapo kituoni kuna mtu wa mtaani kwenu. Omba kuongea faragha.

Ni wakati gani niache kuvumilia na kukimbilia hospitali?

Maumivu makali ya tumbo la chini, hasa ya upande mmoja na umechelewa hedhi. Maumivu ya kifua au kushindwa kupumua. Mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye kigimbi. Kuona giza ghafla, macho au ngozi kuwa ya njano. Mkono wenye kijiti kuwa wa moto, mwekundu na unaotoa usaha. Kwa mwenye kitanzi, homa pamoja na maumivu na uchafu wenye harufu. Hata kama ni saa nane usiku.

Nimechoka na kijiti changu, nimekaa nacho miezi minane. Nikienda naambiwa "vumilia, serikali imegharamia, umalize miaka mitatu". Ni lazima?

Si lazima. Miaka unayotajiwa, kulingana na aina ya kijiti, ni muda uliowekwa wa dawa kufanya kazi. Haikuwa ahadi uliyoweka. Ukiombwa sababu unaweza kuieleza, lakini ukisema "nataka kitolewe", inatosha. Mhudumu akigoma, muombe mkuu wa kituo, au nenda kituo kingine na kadi yako yenye tarehe na aina ya kijiti.

Kutoa ni kazi ya dakika chache. Kwanza tunakipapasa: kiko chini ya ngozi upande wa ndani wa mkono wa juu, urefu wa sentimita 4, unene wa njiti ya kiberiti. Sindano ya ganzi, mkato mdogo kwenye ncha iliyo karibu na kiwiko, kinasukumwa na kidole hadi kichwa chake kitokeze, kinavutwa, bandeji, kwisha. Omba uoneshwe kilichotoka, ukihesabu kama vilikuwa viwili. Kama hakipapasiki, mtu asikuchimbe mkono akikitafuta. Kwanza kipimwe kwa ultrasound au eksirei, kisha kitolewe na aliyezoea vilivyozama. Na kama hutaki mimba, anza njia nyingine siku hiyohiyo kabla hujatoka chumbani, maana yai linaweza kupevuka ndani ya wiki chache tu.