Diski Moja Siyo Bekapu: Dhana Potofu Kuhusu Picha za Safari

Kazi yangu hapa Arusha ni kurudisha picha zilizopotea kwenye memori kadi, diski na simu. Wateja wangu wengi ni madereva waongoza watalii, wapigapicha wanaokodiwa na kampuni za safari, watu walioshuka mlimani, na familia za hapa hapa zilizokwenda Ngorongoro wakati wa likizo. Kuanzia Juni, msimu unapochanganya, kuna maneno ninayoyasikia kuliko mengine yote: "Fundi, bekapu nilikuwa nayo, ila ndiyo hii iliyoharibika."

Kama ndiyo hiyo iliyoharibika na nyingine hakuna, basi hukuwa na bekapu. Nimechoka kuwaambia watu jambo hili wakati picha zimeshakwenda, kwa hiyo naliandika sasa kabla hujafunga begi.

"Nimeshazitoa kwenye kadi nikaziweka kwenye diski, kwa hiyo ziko salama"

Haziko salama. Bekapu ni nakala ya pili wakati ya kwanza bado ipo. Ukizitoa picha kwenye kadi, ukaziweka kwenye diski ya nje, halafu ukaifomati kadi ili kesho upige nyingine, una nakala moja tu, kama ulivyokuwa nayo asubuhi. Tena umezidi kujiweka pabaya, maana kadi haina kitu kinachozunguka ndani yake, lakini diski ya kawaida inacho. Nimelieleza hili kwa watu wenye kamera za mamilioni ya shilingi, watu wanaojua mwanga na lenzi kuliko nitakavyojua mimi maisha yangu yote, na msimu unaofuata wanarudi na diski moja mkononi.

Mambo huwa yanakwenda karibu vile vile. Ni usiku, kambini Seronera, ndani ya Serengeti, na jenereta inakaribia kuzimwa. Mtu ana laptopu, ana kadi ya GB 128 iliyojaa, ana diski moja. Anachagua picha zote, anabonyeza "kata", anakwenda kwenye diski, anabonyeza "bandika". Katikati ya kazi laptopu inaishiwa chaji. Asubuhi anafungua diski haraka haraka, anaona folda ya tarehe ya jana ina picha nyingi, anaridhika. Hahesabu. Anaifomati kadi na kupanda gari. Akifika Arusha ndipo anagundua kwamba chui aliyemsubiri kwa saa tatu chini ya mti hayupo, au yupo nusu picha na nusu rangi ya kijivu.

Kwa hiyo usikate picha kamwe. Nakili. Kisha linganisha idadi ya mafaili na ukubwa wa folda pande zote mbili, na ufungue picha ya kwanza, moja ya katikati na ya mwisho. Dakika mbili zinatosha.

Halafu kuna diski yenyewe. Ndani ya diski ya kawaida kuna sahani zinazozunguka, nyingi kwa kasi ya mizunguko 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinachoelea juu yake kwa pengo la nanomita chache tu. Lami kutoka Arusha inakufikisha hadi lango la Loduare, la kuingilia Ngorongoro. Ukishavuka Ngorongoro na kuanza kushuka kuelekea Naabi, lango la Serengeti, kila mtu aliyepita pale anajua mawimbi ya ile barabara yanavyotikisa meno. Na hapo ndipo utamkuta mtu ameegesha diski juu ya dashibodi, imechomekwa kwenye laptopu, laptopu imechomekwa kwenye inveta ya gari, picha zinanakiliwa huku Land Cruiser inakimbia. Anasema anaokoa muda.

Diski ya namna hiyo ikifika mezani kwangu naijua kabla sijauliza. Ukiichomeka inatoa mlio: tik, tik, tik, kimya, tik tena. Kichwa kinatafuta mahali pa kuanzia na hakipaoni. Ikifunguliwa, juu ya sahani inayong'aa kuna mstari wa duara uliochubuliwa, mwembamba kama uzi, na pembeni kwenye kichujio kidogo cheupe kumeganda unga wa kijivu. Ule unga ndio zilikuwa picha. Hakuna programu wala fundi wa nchi yoyote anayeweza kuusoma. Watu huniuliza kama wakiipeleka Ulaya itasaidia. Utando wa sumaku ukishakwanguliwa, umekwenda.

Wanaopanda Kilimanjaro wana tatizo jingine wasiloambiwa dukani. Kile kichwa huelea kwa sababu ya hewa iliyomo ndani ya diski, na diski nyingi za nje zina kitundu kidogo kinachosawazisha hewa ya ndani na ya nje. Watengenezaji wengi huweka kikomo cha matumizi kwenye mwinuko wa mita 3,000 hivi. Sasa pima kambi za njia ya Marangu: Mandara iko mita 2,720, hapo bado. Horombo ni mita 3,720, umeshapita. Kibo ni mita 4,720, na kileleni Uhuru, mita 5,895, mgandamizo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa pwani. Hewa ikiwa nyepesi kichwa hushuka, na kikishuka kinaweza kugusa sahani. Diski iliyozimwa ndani ya begi inaweza kwenda hadi kileleni na kurudi bila shida. Ukiiwasha Kibo ili "uweke bekapu", wewe mwenyewe ndiye umeiweka hatarini. Mlimani beba SSD, diski ya aina nyingine isiyo na sahani wala kichwa, au usibebe diski kabisa, ongeza kadi.

Na hili la kuongeza kadi ndilo ninalolisisitiza kwa kila mtu, hata asiponiuliza: usifomati kadi yoyote mpaka urudi nyumbani. Ikijaa, itoe, sukuma kile kifungo kidogo cha pembeni kwenye alama ya kufuli ili isiandikwe tena, iweke kwenye kasha lake, chukua nyingine. Kadi iliyojaa na kufungwa ndiyo nakala yako ya kwanza. SSD unayoinakilia kila jioni ndiyo ya pili. Nyumbani utaongeza ya tatu. Kanuni hii ya nakala 3, kwenye aina 2 za vyombo, 1 ikiwa mahali pengine, ilienezwa na mpigapicha wa Marekani, Peter Krogh, na sijaona sababu ya kuibadilisha kwa ajili ya Serengeti. Ila kambini "mahali pengine" maana yake ni begi jingine. Kadi kaa nazo mwilini, kwenye mfuko wenye zipu. SSD iende kwenye begi kubwa linalobebwa na mpagazi au linalobaki kwenye gari. Begi likiibwa au likilowa, limeondoka na nakala moja, siyo zote.

Kama kamera yako ina matundu mawili ya kadi, angalia setingi. Iweke iandike kila picha kwenye kadi zote mbili kwa wakati mmoja. Wateja wengi wana kamera za namna hiyo na wameziacha zihamie kadi ya pili pale ya kwanza inapojaa, kwa hiyo wamelipia ulinzi wasioutumia.

"Sihitaji diski, zinakwenda zenyewe mtandaoni"

Zinakwenda kama mtandao upo na unatosha. Piga hesabu. Picha ghafi (RAW) moja ya kamera ya kisasa ina MB 30 hivi. Piga picha 1,000 kwa siku, jambo la kawaida wakati nyumbu wanavuka mto, tayari una GB 30. Ukipata kasi ya kupandisha ya megabiti 5 kwa sekunde, bila kukatika hata mara moja, unahitaji zaidi ya saa 13. Loji ina wageni arobaini, wote wako kwenye Wi-Fi hiyo hiyo baada ya chakula cha jioni. Wageni wanaotoka hapa kwenda kupanda meli ya kitalii wananiambia huko kutakuwa na intaneti nzuri zaidi. Baharini wanatumia setilaiti, wakigawana na abiria wote melini. Wasitegemee.

Kwa picha za simu mtandao unasaidia sana, na ninaupenda, lakini ujue unavyofanya kazi. Google hutoa GB 15 za bure, na tangu tarehe 1 Juni 2021 picha zote mpya zinazopandishwa huhesabiwa humo, pamoja na barua pepe zako. iCloud hutoa GB 5. Zikijaa, kupandisha kunasimama, na ile taarifa ya kusimama watu huifuta bila kuisoma. Na kubwa kuliko yote: ukifuta picha ndani ya Google Photos ili kupata nafasi kwenye simu, umeifuta na kule mtandaoni. Inakaa kwenye pipa la taka siku 60 kama ilikuwa imeshapandishwa, kisha inaondoka moja kwa moja. Mama mmoja wa Njiro alifuta picha za safari yote ya wanawe akiamini "kule juu zimebaki". Alikuja miezi minne baadaye. Sikuwa na la kumfanyia. Kuna sehemu maalumu ndani ya programu hiyo ya kuondoa kwenye simu picha ambazo zimeshapandishwa. Tumia hiyo, usitumie kufuta.

"Kadi ni kadi, tofauti ni bei"

Kuna kadi feki nyingi mno sokoni. Juu imeandikwa GB 512, ndani ina GB 8 au 16, na imechezewa ili iidanganye kamera. Picha za mwanzo zinaingia vizuri, unaziona, unafurahi. Nafasi ya kweli ikiisha kamera haiambiwi, inaendelea kupiga, na picha mpya zinaandikwa juu ya za zamani au zinapotea. Majina ya mafaili yote yapo, lakini hayafunguki. Hizi hazirudi, kwa sababu hazikuwahi kuandikwa mahali popote. Kabla ya safari, ukiwa bado mjini, ichomeke kadi tupu kwenye kompyuta na uipime kwa H2testw au F3. Programu hizo ni za bure. Zinaijaza kadi yote kisha zinasoma kilichoandikwa. Kadi kubwa itachukua masaa. Iache ipimwe usiku.

Dhana nyingine potofu nazipitia haraka.

Mashine za ukaguzi pale uwanja wa ndege wa KIA haziharibu memori kadi. Mionzi ile inaharibu filamu, na wanaopiga filamu waombe zikaguliwe kwa mkono. Kadi yako ipitishe bila wasiwasi.

Baridi ya Kibo haiui kadi. Kadi nyingi zimetengenezwa kufanya kazi hadi nyuzi 25 chini ya sifuri. Kinachokufa ni betri, na ikikatika wakati kamera bado inaandika, faili linaharibika. Lala na betri ndani ya begi la kulalia.

Kutuma picha kwenye grupu la WhatsApp siyo kuhifadhi. Zinapunguzwa ukubwa, na tarehe na mahali zilipopigwa vinaondolewa. Kama ni lazima upitie huko, zitume kama dokumenti.

"Zikifutika, fundi atazirudisha"

Mara nyingine ndiyo, na nafurahi sana zinaporudi. Kamera ikifuta picha au ikifomati kadi kwa njia ya kawaida, mara nyingi inafuta orodha tu, na picha zenyewe zinabaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Ndiyo maana kadi iliyofomatiwa kwa bahati mbaya na kutolewa pale pale huwa na matumaini makubwa. SSD ni tofauti: kompyuta nyingi huiambia mara moja kwamba nafasi ile iko wazi, nayo inaisafisha. Simu za kisasa zimesimbwa, yaani yaliyomo yamefungwa kwa ufunguo wa siri, na picha ikishatoka kwenye pipa la taka sina pa kuishika.

Kinachoniumiza ni kadi ambazo zingerudi kama mwenyewe angeziacha. Kompyuta inauliza kama ikague na kurekebisha, mtu anakubali, na picha zinageuka vipande visivyo na majina. Au inasema lazima ifomatiwe kwanza, anakubali. Au anaendelea kupiga picha za swala kwa siku mbili juu ya picha za simba alizozifuta.

Tatizo likikupata, zima kamera, toa kadi, funga kifungo cha kufuli, andika kwenye karatasi aina ya kamera na siku ulizopiga, na usiichomeke mahali popote mpaka uifikishe kwa fundi. Diski inayotoa mlio ichomoe hapo hapo. Usiijaribu kwenye laptopu ya rafiki, usiigonge, usiiweke kwenye friji kama watu wanavyoelekezana. Kila ukiiwasha, kichwa kinakwangua tena.