Je, wajua kwa nini Alan Rickman alicheza filamu yake ya kwanza akiwa amevuka miaka 40?

Wengi wanamjua kama Profesa Snape wa filamu za Harry Potter. Wengine wanamkumbuka kama Hans Gruber, bosi wa maadui wanaoteka watu ghorofani katika Die Hard ya 1988. Hiyo Die Hard ndiyo iliyokuwa filamu yake ya kwanza ya sinema, na walipoanza kuipiga alikuwa na miaka 41. Siku zote hizo alikuwa wapi?

Kwanza, hakuanza na uigizaji. Alizaliwa London mwaka 1946. Baba yake, mfanyakazi wa kiwandani, alifariki Alan akiwa na miaka 8, mama akabaki na watoto wanne. Kijana akasomea usanifu wa michoro, akafungua ofisi ya kazi hiyo pamoja na marafiki. Alipofika miaka 26 ndipo akaandika barua kuomba usaili RADA, chuo cha maigizo cha London. Wakamchukua. Ili apate pesa ya kujikimu, akawa anawavalisha mavazi waigizaji wakubwa nyuma ya jukwaa, akiwemo Ralph Richardson.

Ila sababu kubwa ni mfumo wenyewe wa Uingereza. Mwigizaji akimaliza chuo, alikuwa akipelekwa na kazi kwenye majumba ya maigizo ya mikoani: leo unacheza mtumishi, mwezi ujao mfalme, na sauti ifike kiti cha nyuma bila maikrofoni. Marekani, jukwaa kuu liko New York na sinema iko Hollywood, pwani ya pili ya nchi. London ina vyote viwili, kwa hiyo BBC ikitaka watu wa tamthilia zake inawachota jukwaani. Rickman naye alipita njia hiyo. Mwaka 1982 aliigiza katika The Barchester Chronicles ya BBC kama Obadiah Slope, kasisi mnafiki mwenye maneno ya asali. Kwa maoni yangu, Gruber alizaliwa pale.

Mwaka 1985 kundi la Royal Shakespeare Company likampa nafasi ya Valmont, mlaghai wa mapenzi katika Les Liaisons Dangereuses. Mchezo ukavuka hadi Broadway, majumba makuu ya maigizo ya New York, mwaka 1987, na huko ndiko watu wa Die Hard walikomwona. Cha ajabu, mchezo huohuo ulipogeuzwa kuwa filamu, Valmont alipewa John Malkovich.

Ugeni wake wa sinema ulisaidia. Rickman alisimulia kwamba alimwachia prodyuza karatasi yenye pendekezo: Gruber avae suti badala ya nguo za kigaidi, ili baadaye aweze kujifanya mateka. Likakubaliwa. Ndiyo maana tunamwona Gruber akikutana na steringi, akibadili lafudhi kuwa ya Kimarekani na kulia kwa woga. Mtu aliyezoea kuvalisha wenzake alijua nguo inavyofanya kazi. Na pale anapoanguka kutoka ghorofani, mshtuko ule usoni ni wa kweli: walimwachia kabla ya hesabu waliyokubaliana.

Sauti yake nayo ni matunda ya jukwaa. Aliyejifunza kujaza ukumbi mzima hahitaji kupayuka mbele ya kamera. Snape anaongea polepole, karibu ananong'ona, na darasa zima linatulia.

Baada ya hapo angeweza kubaki Hollywood akicheza maadui tu, maana ofa hazikukosekana. Alichukua BAFTA, tuzo ya filamu ya Uingereza, kwa Robin Hood: Prince of Thieves, na Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, kwa kumwigiza Rasputin katika filamu ya televisheni ya 1996. Lakini mwishoni mwa 2001, filamu ya kwanza ya Harry Potter ilipotoka, yeye alikuwa London akicheza Private Lives pamoja na Lindsay Duncan, yuleyule aliyecheza naye Les Liaisons Dangereuses. Mwaka uliofuata wakaupeleka mchezo huo Broadway.