Gitaa la Mwenda, brashi ya Mwenze na shati lililo mezani kwangu

Mimi ni fundi cherehani na mbunifu wa mavazi, karakana yangu iko komini iitwayo Kenya, hapa Lubumbashi, mji wa Katanga, kusini mwa Kongo. Kijana akiingia na simu mkononi, mara nyingi ananionyesha picha ya mwanamuziki wa Kinshasa na kuniambia, "Yaya (mkubwa wangu), nataka hii." Namshonea. Lakini shati likiwa langu tangu chaki ya kwanza, sitafuti picha ya nguo. Natafuta mapigo, na mapigo hayo nimeyapata kwa watu wa huku huku Katanga.

Wa kwanza ni mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda. Alizaliwa Bunkeya mwaka 1930, na mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, ambayo leo ni Likasi. Msikilize vizuri: gitaa moja, vidole viwili tu, gumba na cha shahada, na bado utadhani wamekaa wapigaji wawili. Gumba linashika nyuzi nene, linakwenda bila haraka. Shahada inacheza juu yake, inawahi, inachelewa, kisha vinakutana. Kwangu mkato wa nguo ndio gumba: bega, kifua na urefu lazima vitulie kwanza. Mapambo ndiyo shahada. Nguo nyingi ninazoziona mjini zimepambwa kwa bidii huku bega halijakaa, na pambo haliwezi kuziokoa.

Mwingine ni mchoraji Mwenze Kibwanga. Mwaka 1946 Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji katika mji huu, wakati huo ukiitwa Élisabethville, nayo ikajulikana kama Hangar. Humo walipitia Pilipili Mulongoy, aliyejaza samaki na ndege mpaka pembezoni mwa picha, na Bela Sara, aliyechora kwa vidole vyake. Nawapenda wote, ila Mwenze ndiye aliyenifundisha. Anajenga umbo kwa mistari mifupi mifupi iliyolazwa pamoja. Mwili wa mnyama unaelekea huku, ardhi inaelekea kule, na jicho linajua mmoja unaishia wapi.

Hilo ndilo nalifanya sasa kwenye shati jeusi la pamba nzito, kwa uzi wa rangi ya shaba. Mistari ya mshono, kila mmoja mfupi kuliko kidole, inasimama wima kifuani. Ikifika mfukoni inalala. Begani inainama kufuata mteremko wa bega lenyewe. Mfuko sikuuwekea ukingo wa rangi nyingine. Mwelekeo wa uzi peke yake unauchora. Anayelivaa akigeuka juani, uzi unang'aa upande mmoja na kufifia upande mwingine, kwa hiyo mfuko unatokea na kupotea. Mishono mingi hivyo huvuta kitambaa kikajikunja, ndiyo maana naweka bitana ngumu kwa ndani na kupiga pasi upande wa nyuma kila baada ya safu chache.

Kitenge nacho ni mapigo, kwa sababu mchoro wake unajirudia. Ukikata shati la vifungo, oanisha ua la kushoto na la kulia kwenye mstari wa katikati ya kifua, usioanishe kwenye ukingo wa kitambaa. Ukingo unapita mstari huo sentimita moja na nusu au mbili ili vifungo vipate pa kukaa. Fundi akioanisha kingo, shati likifungwa ua linavunjika mbele ya watu wote.

Nyeusi na nyeupe nimezichukua kwa TP Mazembe, timu yetu ya mpira, sihitaji kueleza zaidi kwa mtu wa hapa. Rangi ya shaba imetoka kwenye handa, ule msalaba wa shaba uliotumika kama fedha na ambao mwaka 1960 uliwekwa mara tatu kwenye bendera ya Katanga ilipojitenga na Kongo. Wengi wanauchapa tu kifuani. Mimi napenda uzito wake: mikono minne iliyo minene na isiyolingana sawasawa, kwa kuwa shaba ilimiminwa kwenye kalibu ya mchanga. Nikikata kiraka cha mgongoni, nauacha ukosefu huo wa ulinganifu ubaki.

Na Papa Wemba, yule mwanamuziki wa Kinshasa? Namheshimu sana. Alitufundisha kwamba kuvaa ni kazi ya sanaa, na wasapeli, wafuasi wa sape, ule utamaduni wa kuvaa kwa umaridadi, wana nidhamu ya kutopita rangi tatu ambayo hata mimi naifuata. Ila sape inasifu nguo iliyokamilika kutoka nyumba kubwa za mitindo za Ulaya, na moyo wangu uko kwenye mkasi.

Kinachonisumbua sasa ni karindula, lile banjo kubwa la pipa la mafuta na ngozi ya mbuzi. Nataka koti la turubai lenye matuta mawili manene yanayozunguka mwili, moja chini ya kifua na jingine kiunoni, kama yale ya pipa. Turubai ya sokoni inalegea mno kwa tuta la chini, kwa hiyo najaribu kupitisha kamba ya katani ndani yake kabla ya kufunga mshono.