Jini Peke Yake Hafanyi Hadithi Kuwa Fantasia

Sisi tunaofundisha fasihi huulizwa mara kwa mara iwapo kila hadithi yenye jini, mzimu au mnyama asemaye ni fantasia. Wengi hudhani ndivyo, kumbe wamehesabu viumbe vilivyomo hadithini bila kutazama jinsi hadithi yenyewe inavyovichukulia.

Katika Adili na Nduguze, kitabu cha Shaaban Robert kilichotoka mwaka 1952, Adili, liwali wa Janibu na mtu anayesifika kwa wema, anaonekana usiku akiwachapa manyani wawili, kisha akiwalilia na kuwalisha. Mjumbe wa mfalme aliyeshuhudia hayo anastaajabu. Lakini ikishaelezwa kwamba manyani hao ni ndugu zake Adili, waliogeuzwa na jini kwa ubaya waliomtendea, hakuna anayebisha kwamba binadamu hageuki nyani. Linalobaki ni suala la adhabu na msamaha. Fantasia iko hapo: jambo lisilowezekana katika maisha yetu huwa ni tukio la kweli katika ulimwengu wa hadithi, likiwa na sababu yake na, zaidi ya yote, kanuni yake, maana viboko vile ni vya kila usiku, Adili apende asipende. Mwandishi akiivunja kanuni aliyoiweka mwenyewe, msomaji humtilia shaka, ingawa tangu ukurasa wa kwanza alijua kwamba anasoma mambo ya kubuni.

Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla (1960) ina mzimu hadi jaladani, lakini mpelelezi Bwana Msa anapochunguza, muuaji anakuwa ni binadamu. Hiyo ni riwaya ya upelelezi.

Penye utata hasa ni kwa Fumo Liyongo, shujaa ambaye hakuweza kuuawa ila kwa kuchomwa sindano ya shaba kitovuni, na aliyemchoma ni mwanawe wa kumzaa. Kwa maoni yangu, ajabu hiyo haipungui ile ya manyani wa Janibu. Hata hivyo, habari zake husimuliwa kama za mtu aliyeishi kweli katika pwani ya kaskazini ya Kenya, na wapo wanaolitaja kaburi lake huko Ozi. Kwa hiyo tunaziita kisakale. Fantasia hudai mapatano ya pande mbili, yaani msimulizi na msikilizaji wote wajue kwamba wameuacha ulimwengu wa kawaida kwa hiari yao. Bibi akisema “Paukwa!” na wajukuu wakaitikia “Pakawa!”, mapatano yamekwishafungwa, hata kama nyumba nzima inaamini kuwa majini wapo. Jirani anayedai kwamba jana usiku alikutana na jini chini ya mbuyu haanzi kwa paukwa. Hutaja saa, njia aliyopita, na nani alikuwa naye.