Hereni, muwasho na haya mafuta ya bangi mnayoniuliza

Jamani hapa kliniki ya ngozi Mwanza kila siku naulizwa, eti dokta mafuta ya bangi yanatibu aleji? Ngoja niwaeleze vizuri maana watu wanapoteza hela na ngozi zinaharibika.

Kuna dada anauza dagaa pale Mwaloni Kirumba, alikuja ndewe zimevimba zinatoa majimaji, na chini ya kitovu ana kiduara cheusi kinawasha, saizi ileile ya kifungo cha jinzi yake. Hiyo ni aleji ya nikeli, aina ya metali. Hereni nyingi za bei poa zina nikeli, jasho linaitoa inaingia kwenye ngozi, kinga ya mwili inaikariri kama adui, halafu kila ukivaa tena unawashwa, ila muwasho unakuja baada ya siku moja mpaka tatu, ndo maana yeye alikuwa anasingizia sabuni na maji ya ziwa.

Sasa bangi inaingiaje? Mwilini tuna vipokezi viwili, yaani sehemu kwenye seli ambapo kemikali za bangi hushika, CB1 kilijulikana 1990 na CB2 1993, na mwili wenyewe unatengeneza kemikali za kuviamsha, mojawapo ni anandamidi. Kule Bonn, Ujerumani, watafiti walikuwa na panya waliozaliwa bila vipokezi hivyo, wakawawekea tagi za chuma masikioni kama tunavyoweka ng'ombe, tagi zilikuwa na nikeli, masikio yakavimba vibaya sana. Walipofuatilia, mwaka 2007 wakaonyesha kwamba vipokezi hivi ni kama breki, mzio ukipanda vinaushusha. Panya wa kawaida wenye mzio wakipakwa THC, ile kemikali ya kwenye bangi, uvimbe ulipungua.

Mimi hiyo habari inanifurahisha kweli, inaweza kutuletea dawa. Lakini hao ni panya, walipakwa kipimo cha maabara, sio kichupa cha mtaani ambacho hujui kimechanganywa na nini, na bangi yenyewe kuna watu inawapa mzio, mbali na kwamba kisheria hapa kwetu imekatazwa. Kuivuta ndo kabisa, usijidanganye.

Yule dada nilimpa krimu ya steroidi ya siku chache tu, maana ukiipaka miezi ngozi inakuwa nyembamba, nikamwambia avue hereni na ashonee kitambaa nyuma ya kifungo. Karudi juzi, ndewe zimekauka, kavaa vijiti vya plastiki.