Ukifungua mlango, nani atampokea mgeni?

Mwaka jana nilishinda siku tatu kwenye karakana moja ya mashine za kusaga nafaka, Vingunguti, Dar es Salaam. Mwenye karakana alikuwa ameiomba taasisi yetu imtafutie mtaalamu wa ubunifu. Mauzo yalikuwa yanashuka, na mashine za kutoka nje zimejaa mjini. Siku ya kwanza sikufanya lolote. Nilikaa kwenye benchi nikasikiliza.

Hadi saa sita mchana simu ya ofisini ilikuwa imeshalia mara nne. Wateja wawili walikuwa na lalamiko moja: unga unavuja pale kifuniko kinapokutana na chungu cha mashine, chumba kizima kinakuwa cheupe. Mmoja, wa Mbagala, akaongeza bila kuulizwa kwamba yeye ameshajitibu mwenyewe. Alikata tyubu ya baiskeli, akaizungushia pale pembeni, akakaza kifuniko juu yake. Dada wa hesabu aliyepokea akamjibu kwa upole, "Pole sana kaka, nitawaambia mafundi," kisha akarudi kwenye risiti zake. Mafundi walikuwa hatua kumi kutoka alipokaa, na hakuna aliyeambiwa. Nilipomuuliza, akasema bila kinyongo kwamba akienda kule nyuma huwa wanamrudisha kwenye kalkuleta yake.

Yule mtaalamu aliyekuwa akitafutwa alikuwa ameshapiga simu, tena kwa salio lake mwenyewe.

Mwaka 2003 msomi wa Marekani, Henry Chesbrough, alilipa jina jambo ninalolizungumzia hapa: ubunifu wazi. Maana yake ni kwamba kampuni haitegemei vichwa vilivyomo ndani ya uzio wake peke yake. Inachukua maarifa kwa wateja, wauzaji wa vipuri, vyuo, hata washindani, na ile teknolojia yake ambayo haiitumii inawapa wengine waitumie kwa malipo. Sisi tulishasema zamani kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake. Naye Eric von Hippel wa chuo cha MIT ameonyesha tangu miaka ya 1970 kwamba maboresho mengi ya vifaa huanzia kwa wanaovitumia. Mteja wa Mbagala na tyubu yake yumo humo.

Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa Procter & Gamble, watengenezaji wa Pampers na Ariel. Mwaka 2000 mkuu wao, A. G. Lafley, aliweka lengo kwamba nusu ya mambo mapya yatoke nje ya kampuni. Walipotaka kuchapa picha na maneno juu ya kila kipande cha Pringles, vile vitafunwa vyao vya viazi, hawakuanza kuvumbua mashine. Waliulizia huku na huko, wakaikuta teknolojia hiyo kwenye kiwanda kidogo cha mikate mjini Bologna, Italia, ambako profesa mmoja alikuwa akichapa picha zinazolika juu ya keki. Hadithi hii husimuliwa kwenye semina na watu wakapiga makofi. Kinachorukwa ni kwamba kampuni ile ilikuwa na watu wapatao 70 ambao kazi yao ilikuwa kutafuta vitu vya nje na kuvileta ndani. Waliajiriwa kwa ajili hiyo na wakalipwa kwa ajili hiyo.

Ndipo karakana na viwanda vyetu vinapokwama. Tunasema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mgeni akifika anakuta kila mtu ana shughuli zake. Wataalamu wawili, Cohen na Levinthal, waliandika mwaka 1990 kwamba kampuni isiyo na ujuzi wake yenyewe kwenye jambo fulani haiwezi hata kutambua thamani ya wazo la nje kuhusu jambo hilo. Kwa hiyo kabla ya kuzunguka kutafuta mawazo, panga kwanza nyumba yako. Ujue nani anajua nini, na nani atapokea.

Tuanze na nani anajua nini. Kwenye karakana ile kuna mzee mmoja ambaye hahitaji kifaa kujua beringi imechoka. Anachukua bisibisi ndefu, ncha anaigusisha kwenye chuma kinachobeba beringi, mpini anauegemeza sikioni, anafumba macho. "Hii ina wiki mbili," anasema. Kwa maelezo ya wenzake, hukosea kwa nadra. Maarifa haya hayamo kwenye karatasi yoyote, na siku mzee akistaafu yataondoka naye getini. Nilimshauri amfundishe kijana. Akanitazama kama mtu aliyeombwa figo. "Nikimpa huyu dogo masikio yangu, mimi nitabaki na nini?"

Swali lile si la uchoyo. Fundi analindwa na anachokijua, na bosi anayetaka fundi afungue kifua chake lazima aseme kwanza atamlinda kwa nini. Tulikubaliana apate posho kwa kila kijana atakayeweza kazi hiyo mbele ya wenzake, na afanyiwe mpango wa kurasimishiwa ujuzi kupitia VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, utaratibu unaompa cheti fundi aliyejifunzia kazini. Cheti kilimgusa kuliko posho. Sikutegemea hilo.

Kijana mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa chuo cha ufundi aliyekuja kwa mafunzo kwa vitendo. Alikuwa na wiki tatu pale, na muda wote huo alifagia na kufuata chapati. Kumbe simuni mwake ana programu inayochora mtikisiko wa mashine, na anajua kuusoma mchoro. Tuliwaweka pamoja: mzee anasikiliza na kutoa hukumu, kijana anapima na kuandika. Huo ndio ubunifu wazi, na mgeni alikuwa ameshika fagio.

Sasa nani wa kupokea. Mwenye karakana alimtaka mpwa wake mwenye shahada. Mimi nilimtaka dada wa hesabu, kwa kuwa wateja wanaongea na yeye. Tulibishana kidogo. Mwishowe alikubali, kwa sharti kwamba dada ajifunze mashine. Asubuhi kadhaa alivaa ovaroli, akafungua na kufunga mashine moja hadi akajua kila kipande kwa jina. Alipewa kaunta buku, fedha kidogo ya majaribio isiyohitaji saini ya bosi, na Ijumaa saa nane mchana anawasomea mafundi yaliyoandikwa, nusu saa. Kama saa haikutengwa na fedha haipo, cheo hicho ni pambo tu.

Kuhusu hofu ya kuibiwa mawazo, ina haki kabisa. Kitu kizuri kikitoka leo, kesho kina pacha Kariakoo. Lakini kutoa tatizo si sawa na kutoa siri. Unaweza kumwambia mtu unga unavuja bila kumpa vipimo vya mashine yako. Anayeingia ndani zaidi asaini kwanza makubaliano ya kutunza siri. Kama una uvumbuzi wa kweli, pita BRELA, wakala wa usajili wa biashara, uulize habari za hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, kabla hujautandaza Sabasaba, maana hataza hutolewa kwa kitu kipya.

Na jiji hili lina milango mingi: SIDO, shirika la viwanda vidogo, tangu 1973; TIRDO, la utafiti wa viwanda, kule Msasani; COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, pale Kijitonyama; taasisi ya teknolojia ya DIT; Chuo Kikuu Mlimani. Ukienda na maneno "tunataka ubunifu", utarudi na kipeperushi. Nenda na swali moja lenye kipimo: unga unavuja hapa, kiasi hiki kwa gunia, tumeshajaribu hiki na kile.

Niliporudi Vingunguti niliomba nilione lile kaunta buku. Ukurasa wa kwanza, kwa mwandiko wa dada: "Mteja wa Mbagala, tyubu ya baiskeli." Chini yake fundi mmoja ameandika kwa kalamu nyekundu: "Joto litaila. Apigiwe aulizwe imekaa muda gani." Na chini kabisa, mwandiko wa dada tena: "Miezi minne. Bado ipo."