Moyo wa Mtu Aliyeishi Mwinukoni: Maswali Tunayoulizwa Malindi

Hewa ya bara ina tofauti gani na ya huku pwani?
Kiwango cha oksijeni ni kile kile, asilimia 21. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa: katika mji wa Nyahururu, zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari, umepungua kwa karibu robo, hivyo kila pumzi huingiza oksijeni kidogo. Mishipa ya mapafu hujibana, na upande wa kulia wa moyo, unaosukuma damu kwenda mapafuni, huongezewa kazi.

Basi moyo wa mkaazi wa huko hupimwaje?
Kwa vipimo vile vile: presha, umeme wa moyo, picha ya mawimbi ya sauti, na oksijeni ya damu kwa kifaa cha kidoleni. Majibu ndiyo husomwa kwa kuzingatia mwinuko, kwa kuwa presha ya mishipa ya mapafu na wingi wa damu huweza kuwa juu kidogo. Lakini nguvu ya upande wa kushoto wa moyo, ambayo kwa kawaida husukuma nje zaidi ya nusu ya damu iliyomo kwa kila pigo, haishushwi na kuishi Eldoret. Ikiwa imeshuka, tafuta ugonjwa, usisingizie mlima.

Nilikuwa nikihema ngazini na miguu ikivimba. Si baridi ya bara tu, nikiteremka itapita?
Hapana. Mkaazi wa miaka mingi, ambaye mwili wake umekwisha kuzoea, hapaswi kuvimba miguu kwa sababu ya hewa. Tunampokea mama aliyeshuka basi la usiku viatu vikiwa mkononi kwa kuwa havimwingii tena, naye amelalia mito mitatu kwa miezi miwili, akingojea joto la Malindi limponye. Huko alikokuwa kulikuwa na hospitali.

Lakini nikifika pwani kweli napata nafuu.
Nafuu si kupona. Kila pumzi ya huku huingiza oksijeni nyingi zaidi, kwa hiyo moyo dhaifu hupumzika kidogo na kukudanganya wiki mbili, tatu. Narudia: usisubiri kuteremka, na ukishateremka usisubiri tena kwa kuwa umejisikia vizuri.

Kifaa cha kidole kimesoma oksijeni asilimia 91, na ndivyo nilivyozoea.
Pengine ulizoea huko. Hapa, usawa wa bahari, mtu mzima wa afya husoma 95 au zaidi, na 91 hutafutiwa sababu. Tunaomba pia, kwa heshima zote, akina mama waliotoka harusini watuonyeshe kidole kisicho na piko, kwani rangi nyeusi huweza kukipotosha kifaa. Tusipopata kidole, tutatumia sikio.

Nikisafiri kwenda bara niache dawa za presha?
Usiache hata siku moja. Siku za mwanzo mwinukoni presha huweza hata kupanda. Wala usimeze dawa ya kukojoza ya jirani, ambayo hupunguza uvimbe na kuuficha ugonjwa, huku ikikupotezea chumvi ambazo moyo unazihitaji.

Nije lini?
Ukihema unapolala chali, ukiamshwa usiku na kukosa pumzi, au miguu ikibonyea unapoibonyeza kwa kidole: leo, popote ulipo. Maumivu ya kifua, kuzirai, au midomo kugeuka rangi ya samawati: sasa hivi, na usije peke yako.